Kionjo si Chakula

Leo naomba tuyaweke kando yale ya bustani na akiba ya nafaka tuliyoyazungumza majuma yaliyopita, tugusie jambo ambalo wengi watasema ni la anasa. Nataka kusema juu ya vionjo vya sinema, yaani zile picha fupi zinazotangaza filamu ambayo bado haijaonyeshwa, na ambazo vijana huziita trela. Msicheke. Katika nyumba yangu jambo hili limefika hadi kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

Ilikuwa jioni ya Jumamosi. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 12, alinijia na simu ya mama yake mkononi, akaniambia, "Baba, tazama hii, kisha useme kama hatutakwenda kuiona." Nikatazama. Zilikuwa dakika 2 na nusu tu: bahari, mashua, mama mmoja akiondoka nyumbani alfajiri bila kuaga, na ngoma zikipanda hatua kwa hatua mpaka kimya cha ghafla. Nilipomrudishia simu, moyo wangu ulikuwa ukienda mbio. Mke wangu, aliyekuwa akichagua mchele, hakuinua macho. Aliuliza tu, "Kiingilio cha watu watano ni kiasi gani, Baba watoto? Na sare ya huyo huyo binti tutanunua lini?"

Swali hilo lilinirudisha Tororo, katika nyumba za reli nilikokulia.

Miaka ile, kabla ya simu hizi, palikuwa na kibanda cha video karibu na soko. Kiingilio kilikuwa shilingi 200, nasi watoto hatukuwa nazo. Lakini mwenye kibanda alikuwa mtu mwerevu. Mikanda ya siku zile ilianza kwa vionjo vya filamu nyingine, naye alituacha tuingie tuketi chini tuvitazame. Vilipokwisha, alisimama na fimbo yake, akapita akidai fedha, na asiyekuwa nazo alitoka nje. Kwa njia hiyo, mimi na kaka yangu tulizijua filamu nyingi mno bila ya kuiona hata moja. Usiku, tukiwa tumelala, kaka yangu alinisimulia zilizobaki. Alizitunga mwenyewe, nami niliamini kila neno.

Kulikuwa na kionjo kimoja kilichotunyima usingizi. Ndani yake mwanamume alisimama juu ya paa la gari-moshi likivuka daraja refu, akanyoosha mikono kama ndege, akajitupa mtoni. Sisi tulikuwa watoto wa reli, baba yetu alikula mkate wa reli, na hatukuwa tumewahi kuona gari-moshi likiheshimiwa namna ile katika picha. Mkanda wa filamu ile ulipofika, kaka yangu alikuwa ametumwa dukani kununua mafuta ya taa. Hakununua. Tuliingia kibandani wote wawili, tukaketi kwenye benchi kama watu wazima.

Gari-moshi halikutokea. Tulingoja mwanzo, katikati na mwisho. Filamu ilikwisha, taa ikawashwa, na kaka yangu akabaki ameketi akiutazama ukuta.

Nyumbani baba hakutuchapa. Aliuliza, "Haya, na mmeona nini?" Kaka yangu akasimulia habari ya gari-moshi, daraja na mto, kwa ufundi ambao hata mimi niliyekuwapo nilianza kuuamini. Alisimulia kionjo. Filamu yenyewe hakuitaja. Baba alitikisa kichwa akatabasamu, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Tulikaa gizani usiku 4. Miaka mingi baadaye ndipo nilipopata kujua kwamba mama alikuwa na oda ya sare za shule, na cherehani yake aliishona usiku kwa taa, kwa kuwa mchana alikuwa shambani. Sare hazikuwa tayari siku iliyoahidiwa. Mteja yule hakurudi tena. Mama hakutueleza wakati ule, na wala hakupata kututupia lawama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akiniambia kwamba kionjo cha sinema ni jambo la watoto, mimi hukumbuka usiku ule 4.

Sasa tuulize: vionjo hivi vilitoka wapi, na kwa nini aghalabu hutuahidi kisichokuwamo? Kionjo cha kwanza kinachokumbukwa kilionyeshwa mwaka 1913 katika majumba ya maonyesho ya Marcus Loew mjini New York, kutangaza mchezo wa jukwaani. Aliyekitengeneza ni Nils Granlund, mtu wa matangazo katika kampuni hiyo. Siku za mwanzo vionjo viliwekwa baada ya filamu kwisha, vikifuata nyuma yake kama tela linavyofuata lori; ndiyo maana Waingereza na Wamarekani huviita kwa neno hilo hilo ambalo sisi tumelichukua. Baadaye ilionekana kwamba watazamaji huinuka mara filamu inapokwisha, basi tela likahamishwa likawekwa mbele ya lori. Jina halikubadilika.

Kazi ya kutengeneza vionjo nayo ikawa biashara ya peke yake. Mwaka 1919 iliundwa Marekani kampuni ya National Screen Service, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotengeneza na kusambaza sehemu kubwa ya vionjo vya nchi hiyo. Hata leo, aghalabu anayekata kionjo si yule aliyeongoza filamu. Hupewa picha wakati filamu yenyewe bado inakatwa na kuunganishwa, na pengine muziki wake haujatungwa, hivyo huazima muziki wa mahali pengine. Huchagua kilicho kizuri mbele yake. Mwongozaji akija kuamua baadaye kwamba sehemu fulani haifai, huiondoa katika filamu, nayo hubaki katika kionjo. Bila shaka ndivyo gari-moshi letu lilivyopotea.

Jambo hili limefika hata mahakamani. Mwaka 2019 ilitoka filamu iitwayo Yesterday, ambayo katika kionjo chake alionekana mwigizaji Ana de Armas. Katika filamu yenyewe hayumo, kwa sababu sehemu zake ziliondolewa. Mwaka 2022 watazamaji wawili wa Marekani waliokuwa wameikodi filamu hiyo, kila mmoja kwa dola 3.99, waliishtaki kampuni iliyoitoa. Mnamo Desemba mwaka huo huo hakimu wa Los Angeles alikataa hoja kwamba kionjo ni kazi ya sanaa isiyoweza kuulizwa. Alisema kionjo ni tangazo la biashara, na kwa hiyo sheria ya matangazo ya udanganyifu yaweza kukigusa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka kaka yangu akiutazama ukuta. Dola 3.99 ni fedha kidogo, na mafuta ya taa ya chupa moja nayo yalikuwa kitu kidogo.

Hata hivyo, nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu. Vipo vionjo ambavyo vyenyewe ni zawadi. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock, alipotangaza filamu yake ya Psycho, hakuonyesha vipande vya filamu. Alijitokeza mwenyewe, akatutembeza polepole katika nyumba na chumba cha wageni kwa zaidi ya dakika 6, kama mwenyeji anayeonyesha nyumba ya kupangisha, akianza kusema jambo kisha akilikatiza. Mtazamaji alitoka akiwa na hofu, ila siri haikufichuliwa. Kadhalika, mwezi Novemba 1993, wakati filamu ya The Lion King ilikuwa bado haijakamilika, kionjo chake kilikuwa ni sehemu nzima ya mwanzo wake: jua likichomoza, wanyama wakikusanyika, na mwana wa simba akiinuliwa juu ya mwamba. Hapakuwa na kukatakata wala maelezo. Aliyependa sehemu ile aliikuta vile vile filamu ilipotoka mwaka 1994. Nasi wasemaji wa Kiswahili tulikuwa na neema ya ziada, kwani tulijua Simba ni nani na Rafiki ni nani kabla ya mtu kutueleza.

Na nguvu ya kionjo si ndogo. Mwezi Novemba 1998, huko Marekani, wako watu waliolipa kiingilio kamili cha filamu nyingine ili tu wakione kionjo cha sehemu mpya ya Star Wars, kisha wakatoka kabla ya filamu waliyolipia kuanza. Niliposikia hayo nilicheka. Sisi Tororo tulitolewa kwa fimbo, wao walitoka kwa hiari yao.

Karibu na kwetu zaidi, tutazame mfano wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Huko Nabwana I.G.G., aliyepata kufyatua matofali, alitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa vifaa vya kuungaunga na majirani wasiolipwa. Kionjo chake kilipowekwa katika YouTube mwaka 2010, kilizunguka dunia kabla ya filamu yenyewe kujulikana. Wapo waliokitazama kwa kucheka, na wapo waliokitazama kwa heshima. Mmoja aliyekiona New York alifunga safari hadi Wakaliga kumtafuta aliyekitengeneza. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba nakala ya asili ya filamu hiyo ilifutwa kwa sababu kompyuta haikuwa na nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, mfasiri na mchekeshaji wa vibandani, anayeongea juu yake mwanzo hadi mwisho.

Tena kipo kionjo cha Queen of Katwe, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Mira Nair, juu ya Phiona Mutesi, binti aliyeuza mahindi barabarani akawa bingwa wa sataranji. Lupita Nyong'o ndiye aliyekuwa mama yake. Nilikitazama ofisini wakati wa chakula cha mchana, na nasema bila ya haya kwamba nilifuta machozi. Hakuna aliyekuwa amekufa wala kushinda bado. Niliona tu udongo mwekundu, mabati, na mtoto aliyebeba mahindi kichwani, nikaona kwamba dunia sasa inaombwa ilipe kiingilio ili ituone sisi. Filamu nilipoiona haikunidanganya.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitufundisha kwamba utangulizi wa somo ni wa kuamsha hamu. Mwalimu anayemwaga somo lote katika dakika 5 za mwanzo, wanafunzi wake hulala. Mwalimu anayeahidi majaribio ya maabara na hana hata kiberiti, wanafunzi wake hawamwamini tena. Mimi naona kionjo kihukumiwe kwa sheria hiyo hiyo, na katika nyumba yangu nimeweka maswali matatu. La kwanza: je, baada ya kukitazama, hadithi yote nimeijua? Ikiwa ndiyo, fedha zibaki mfukoni. La pili: je, nilichokipenda ni hadithi na watu wake, au ni ngoma na milipuko? Kitazame mara ya pili bila sauti, utajua. La tatu: je, nikingoja juma moja nitakuwa bado naitaka? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jumapili nilimwita binti yangu, nikampa daftari, nikamwambia aandike upande mmoja yale ambayo kionjo kile kimemwambia, na upande wa pili yale ambayo hakikumwambia. Mama yake alituangalia bila kusema neno.

Wakati akiandika, nilimpigia simu kaka yangu. Yeye siku hizi ni dereva, na huvuta trela la kweli, lenye matairi, kutoka Mombasa hadi Kampala. Nilimkuta Malaba kwenye foleni ya malori. Nilimkumbusha juu ya daraja na yule mtu wa paani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba alijua. Aliniambia kabla hajafariki. Alisema gari-moshi nililosimulia lilikuwa na mabehewa mengi mno kwa injini ile, na kwamba hakutaka kunikatiza kwa kuwa nilisimulia vizuri." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ila mama nilimlipa. Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia taa ya sola na vitambaa. Akauliza ni vya nini. Nikamwambia ni vya zile sare."

Mimi sikuwa nimelijua hilo.

Niliporudi mezani, binti yangu alikuwa amemaliza. Upande wa kwanza ulikuwa na mistari 9. Upande wa pili ulikuwa na mstari mmoja tu: "Hakikusema yule mama alikwenda wapi." Nikamwuliza kama hilo ndilo analotaka kulijua. Akajibu kwamba ndilo, na kwamba yuko tayari kungoja.

Mke wangu alilichukua daftari, akalisoma, akalirudisha. "Sare kwanza," alisema. "Kisha nami nataka kujua alikwenda wapi."

Basi tumeafikiana. Sare itanunuliwa mshahara ukitoka, na filamu tutaiona mwezi unaofuata, Mungu akipenda.