Mteremko wa Ngomo: mkono mfupi wa vitesi si ujanja, ni hatari kwa abiria

Kwenye parkingi za gari zinazounganisha Bukavu, Kamanyola na Uvira, abiria wanaijua sauti hii vizuri: krrr! Ni vitesi inayokataa kuingia. Shofa anasukuma, mkono wa vitesi unarudi, anasukuma tena kwa nguvu ya bega. Nyuma watu wanacheka: "Huyu naye alijifunzia wapi?" Kicheko hicho mara nyingine kinamwonea asiye na kosa. Kuna gari ambazo kosa liko chini ya kiganja chake: mkono wa vitesi umekatwa, au umeondolewa na kuwekwa mwingine mfupi, ili nafasi moja zaidi ipatikane mbele.

Sababu yake ni fedha. Kiti cha mbele kilichotengenezwa kwa mtu mmoja kinabeba wawili. Anayekaa karibu na shofa, mara nyingi mama mwenye mtoto mapajani, anaweka magoti pale ambapo mkono wa vitesi unapita. "Mama, songa kidogo," shofa anaomba kila anapotafuta vitesi ya pili au ya nne, zile zinazovutwa nyuma. Mwenye gari angeweza kumpunguza abiria wa ziada. Anaona afadhali apunguze chuma.

Gharama ya uamuzi huo inaeleweka hata na asiyewahi kushika usukani. Mkono wa vitesi ni kama chuma kirefu cha kung'olea jiwe: ukiwa mrefu, kiganja kinatembea mbali lakini hakichoki, ukiwa mfupi, kinatembea kidogo lakini kinasukuma sana. Tuseme mkono ulikuwa na sentimita 30 kutoka pale unapoegemea, ukakatwa zikabaki 20. Safari ya kiganja imepungua kwa theluthi moja, na nguvu inayotakiwa imeongezeka kwa nusu. Pahali pa kusukuma kilo 6, shofa sasa anasukuma kilo 9, kutwa nzima, kwenye barabara ya mawe na mashimo.

Ubaya mwingine uko ndani ya buate ya vitesi. Mle kuna pete ndogo za shaba ambazo kazi yake ni kusugua na kusawazisha mwendo wa vyuma viwili kabla meno yake hayajashikana. Pete inahitaji muda kidogo, hata sekunde nzima haifiki. Mkono mrefu unaipa muda huo bila shofa kujua, kwa sababu safari ya kiganja ni ndefu. Mkono mfupi unafika haraka mno. Shofa analazimisha, meno yanagongana kabla ya wakati, na ndiyo ile krrr. Kila krrr inakula kitu. Pete ikishalika haisawazishi tena, na hapo hata shofa mwenye miaka 20 kazini ataonekana mwanafunzi.

Vijana wa garaji wana jibu lao: gari za mashindano zina mikono mifupi, na vitesi zake zinaingia haraka. Ni kweli. Lakini gari hizo zina buate nzima, mafuta mapya, mtu mmoja au wawili ndani, na fundi anayezikagua kila mara. Kuchukua kifaa cha gari ya mashindano na kukiweka kwenye gari iliyochoka, iliyojaa watu, magunia ya muhogo na bidoni za mafuta ya mawese, ni kumvisha mgonjwa viatu vya mkimbiaji halafu kumwambia akimbie.

Ngomo ndipo mzaha unapoishia. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu mita 770. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira anashuka karibu mita 700, hata kabla ya kuhesabu vilima vya katikati, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kwenye kona za Ngomo, mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Mwenye karatasi anaweza kupitia Rwanda, upande wa Bugarama, mpaka ukiwa wazi. Familia iliyokimbia risasi usiku, na magodoro na sufuria kichwani, bila hata kadi ya uchaguzi, haina njia hiyo. Inapanda gari iliyopatikana. Haiwezi kusema: "Hii hapana, tungoje nyingine."

Shofa mwenye akili hashuki Ngomo kwa freni peke yake. Anaingiza vitesi ya pili juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na injini inaishika gari. Anayeanza kushuka na ya tatu, kisha akaona gari inamkimbia, ataitafuta ya pili. Hapo mkono mfupi unamtupa: ya tatu imetoka, ya pili inakataa, gari haina vitesi yoyote. Injini haishiki tena kitu. Watu wote na mizigo yote wamebaki juu ya freni, na freni ikichemka sana haishiki. Abiria wa ziada wa mbele, ambaye kwa ajili yake chuma kilikatwa, ndiye wa kwanza kukutana na kioo.

Haki pia isemwe: si kila vitesi ngumu inatokana na mkono mfupi. Kuna ambreyaje iliyochoka, mafuta ya buate yaliyosahauliwa kwa miaka, na mipira ya vyuma vya kuunganishia iliyolika. Kipimo kipo, hakina malipo, na kinachukua dakika moja. Injini izimwe, kisha vitesi ziingizwe zote moja moja. Zikiingia vizuri, halafu zikakataa injini ikiwaka na mguu ukiwa umekanyaga ambreyaje hadi chini, ambreyaje ndiyo ya kutazamwa kwanza. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, mkono wenyewe na viungo vyake ndivyo vya kutazamwa. Mwenye gari anayemfukuza shofa kabla ya kufanya kipimo hicho anatafuta wa kubebeshwa deni.

Na shofa aliyekabidhiwa gari ya namna hiyo leo, kabla haijatengenezwa, bado ana la kufanya. Ambreyaje ikanyagwe mpaka chini, si nusu. Mkono upite katikati na kupumzika kidogo pale kabla ya kuingia vitesi inayofuata. Kiganja kisukume wazi, ngumi isilazimishe. Akirudi kutoka ya tatu kwenda ya pili, aipe injini moto kidogo ili mwendo ulingane. Ya kwanza ikikataa gari ikiwa imesimama, aingize ya pili kwanza, kisha arudi kwenye ya kwanza. Asiegemeze mkono juu ya mkono wa vitesi safari nzima kama fimbo ya mzee. Uzito huo unakula vyuma vya ndani. Lakini yote haya ni ya kupunguza maumivu. Ugonjwa unabaki kwa aliyekata.

Mwenye gari ahesabu mwenyewe. Nauli ya abiria mmoja wa ziada inaingia kila safari, ni kweli. Buate ikivunjika, gari inalala garaji, nauli za abiria wote zinapotea, na kipuri kinatafutwa mpaka nje ya nchi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu unajengwa kwa dola.

Yanayotakiwa si mengi. Chama cha madereva, ACCO, na vyama vingine vya usafiri vikatae kuipa zamu gari ya abiria ambayo mkono wake wa vitesi si ule uliotoka nao kiwandani. Polisi ya barabara, inayojua vizuri kuomba karatasi, iweke pia mkono juu ya ule wa vitesi na kuuliza nani aliukata. Kiti cha mtu mmoja kikaliwe na mtu mmoja, angalau kwenye gari zinazoshuka Ngomo. Mashirika yanayokodi gari kusafirisha familia zilizohama yafanye kipimo cha dakika moja kabla ya kulipa.

Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda: "Papa shofa, ya pili inaingia?" Shofa akisita kujibu, afadhali magodoro yabaki chini yangoje gari nyingine, kwa yule anayeweza kungoja. Kwa yule asiyeweza, viongozi wa parkingi ndio wanaopaswa kuuliza kwa niaba yake, kila asubuhi, kabla gari ya kwanza haijaondoka.