Gemu Iliyotelekezwa na Wimbo wa Jirani

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3 kwenda Rumonge, Ziwa Tanganyika liko kulia na milima iko kushoto mpaka unaingia Gitaza, kituo cha biashara katika komine ya Muhuta. Huu ni mwambao wa samaki wa mukeke na ndagala, na ukizidi kushuka kusini unaingia nchi ya mawese. Katika vituo vya namna hii kandokando ya Tanganyika, burudani ya vijana jioni mara nyingi ni kibanda chenye televisheni, pedi mbili na PlayStation 2, mashine ambayo Sony ilianza kuiuza Machi 2000 na kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Siku hizi PS2 nyingi haziwekewi CD tena. Gemu zote ziko kwenye flashi.

Je, kunakili gemu hivi ni wizi? Wapo wanaosema kila nakala isiyolipiwa ni wizi, basi. Wapo wanaosema asiye na kitu hana la kuulizwa. Mimi nasema gemu ya mashine iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji wake iachwe iendelee kuchezwa kwa flashi. Lakini ruhusa hiyo isiwe mlango wa kumnyonya msanii aliye hai, hasa wa nyumbani, ambaye nyimbo zake zinanakiliwa kwenye flashi hiyohiyo, juu ya meza hiyohiyo, bila yeye kuona hata faranga moja.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Fundi huchukua memori kadi ya megabaiti 8, ile ya kuhifadhia mahali ulipofikia katika gemu, akaitia programu iitwayo Free McBoot. Mashine ikiwashwa, programu hiyo ndiyo inayotangulia, kisha inafunguliwa nyingine, Open PS2 Loader, inayosoma gemu kutoka kwenye flashi iliyochomekwa kwa mbele. Hakuna kufungua mashine wala kuchomelea nyaya kama enzi za kuchipu. Hata hivyo kazi ina mitego yake. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani na linapitisha data polepole, kwa hiyo video za utangulizi hukatakata hata kama gemu yenyewe inachezeka vizuri. Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 na zaidi, hivyo gemu kubwa lazima igawanywe vipande. Na PS2 nyembamba za matoleo ya mwisho zilizibwa njia hiyo ya memori kadi. Ndiyo maana fundi mzoefu huangalia namba ya toleo iliyoandikwa kwenye mashine kabla hajapokea pesa ya mteja.

Kwa nini wafike huko? Kwa sababu jicho la kusomea CD ndilo linalokufa kwanza, na vumbi la barabarani haliliachi salama. CD mpya za PS2 hazitengenezwi tena. Anayeuza ya zamani anauza mtumba, na faranga utakazompa hazimfikii aliyeitunga gemu. Anayetaka kulipa kwa njia ya kisasa naye hana pa kulipia: Burundi haimo katika nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony, wala Tanzania, Rwanda na Kongo hazimo. Jambo hili lilijulikana dunia nzima Mei 2024, pale gemu ya Helldivers 2 ya kompyuta ilipoondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Na umeme nao una neno lake. Nchini Burundi aliyeunganishiwa umeme ni kama mtu mmoja kati ya kumi, na PS2 nyembamba hutosheka na chini ya wati 50, mzigo ambao sola na betri ya wastani vinaumudu. Kumwambia kijana wa Gitaza anunue mashine mpya na gemu halali ni kumwelekeza kwenye duka ambalo halijajengwa.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya tarehe 30 Desemba 2005, na ina ofisi yake ya kuisimamia, OBDA. Mkataba wa Berne unailinda kazi maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kuacha kuuza si kuacha haki. Ng'ambo, watu wameadhibiwa vikali. Mwaka 2010 mahakama ya Uingereza iliwazuia wauzaji wa kadi za R4, zilizokuwa zikiingiza gemu za kunakili kwenye Nintendo DS. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani ilimfunga Gary Bowser miezi 40 kwa kushiriki katika kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya aina hiyo. Anayesema hakuna neno lolote hapa anajidanganya.

Lakini kesi hizo zilihusu hasa mashine zilizokuwa bado madukani, ambapo kila nakala iliweza kumkosesha mwenye mali mnunuzi wa kweli. Habari ya mashine zilizokwisha kuachwa ni nyingine. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kibiashara. Ikiwa huko kwenye kila aina ya duka hali ni hiyo, huku kwetu anayeshika nakala ndiye anayeiokoa gemu isipotee. Shirika la Biashara Duniani nalo, mwezi Juni 2021, liliziongezea nchi maskini zaidi, Burundi ikiwemo, muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wake wa haki miliki. Muda huo haufuti sheria ya nchi. Unatupa nafasi ya kupanga lipi lianze.

Na la kuanza nalo ni muziki wetu. Kampuni iliyoiacha PS2 haitalala njaa kwa sababu ya kibanda cha Gitaza. Mwimbaji wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura au wa Rumonge aliyelipia studio kwa pesa ya mfukoni anaweza kulala njaa. Anayejaza nyimbo kwenye flashi na simu analipwa na mteja, mwenye kompyuta analipwa, mwenye chumba analipwa. Aliyetunga wimbo ndiye pekee asiyelipwa. Tanzania ilijaribu stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu mwaka 2013, lakini stempu haibandikwi kwenye faili. Ndiyo maana nguvu ziwekwe kwenye meza ya kunakilia: leseni ndogo ya mwaka kutoka komine, daftari la kazi za wasanii wa ndani zilizonakiliwa, na fungu litakalopelekwa OBDA kugawiwa wenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazazi wana lalamiko lao, kwamba watoto wanakimbia shule kwenda kushika pedi. Wana haki ya kulalamika. Lakini mtoto angetoroka hata kama gemu ingekuwa kwenye CD halali. Dawa yake ni saa: kibanda kifungwe wakati wa masomo, na mwenye kibanda anayepokea mtoto aliyevaa sare aadhibiwe. Kuvunja mashine hakumrudishi mtoto darasani.

Kuna pia faida ambayo hatujaitumia. Nchini Brazil wapenzi wa mpira waliichukua gemu ya kandanda ya PS2, wakabadili timu, majina na jezi, wakaiita Bomba Patch, na wameihuisha kwa miaka mingi. PS2 ilikoma kutengenezwa kabla Burundi haijafika AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Kijana wa mwambao anayejua kugawanya faili na kuliingiza kwenye flashi yuko hatua chache tu kutoka kuiingiza timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, katika mashindano hayo ndani ya gemu, na hapo ameanza kujifunza ufundi wa kompyuta kwa mikono yake.

Kwa hiyo OBDA na viongozi wa komine wasianze na msako wa kunyang'anya PS2 za zamani. Waanze na meza za kunakilia muziki, waziandikishe na kuzitoza. Nawe msomaji, ukienda kujaziwa flashi, muulize mwenye meza msanii wa nyumbani atapata nini, na uwe tayari kuongeza kidogo ili apate.