UJIRA WA MFANYAKAZI SI SADAKA



Ndugu Wakristo wa Musoma, Bunda na Butiama, kila tunapotaja haki ya mfanyakazi katika Jumuiya Ndogo Ndogo, jibu la kwanza tunalolipata ni kwamba jambo hilo ni la serikali na vyama vya wafanyakazi, na kwamba kazi ya Kanisa ni kusali. Jibu hilo tunalikataa. Katika nchi yetu ya Mara anayelipa ujira mdogo mara nyingi si kampuni ya mbali. Ni sisi. Ni mwenye mitumbwi anayeketishwa benchi la mbele siku ya mavuno. Ni mwalimu aliyemleta binti wa shangazi yake mjini ili amlelee watoto. Ni mkulima wa pamba atafutaye vibarua wa palizi, na mjumbe wa Halmashauri ya Walei mwenye duka.

Twende kwanza mwaloni, tuseme Mwigobero, Kibara au Kisorya. Giza linapoingia vijana husukuma mtumbwi ziwani, huwasha taa na kuvua dagaa hadi alfajiri. Mtumbwi si wao, wavu si wao, taa na injini si zao. Mauzo yakishapatikana, hutolewa kwanza gharama za mafuta, chakula cha kambini na matengenezo. Kinachobaki hugawanywa mafungu: mtumbwi una fungu lake, wavu una lake, injini ina lake, na mafungu hayo yote huingia mfuko mmoja. Lililosalia ndilo la vijana. Hesabu hufanywa mbalamwezi inapowarudisha nchi kavu, nayo hufanywa katika daftari la tajiri, kwa mkono wa tajiri. Mwezi ukiwa mbaya kijana huondoka na deni, na deni hilo ndilo linalomrudisha ziwani mwezi unaofuata.

Hatusemi kwamba kugawana mapato ni dhambi. Ni desturi ya zamani, tena ina uzuri wake pale ambapo pande zote mbili huiona hesabu. Lakini hasara ikiwa ya wote na faida ikawa ya mmoja, tusiuite mpango huo ushirika.

Tajiri akiulizwa husema: "Hawa si waajiriwa wangu, tunagawana tu." Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, ililitazamia jibu hilo. Mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likionekana hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa humo: kwamba huelekezwa namna ya kufanya kazi, au hupangiwa saa zake, au kipato chake humtegemea mtu huyo, au vifaa vya kazi amepewa na mtu huyo. Msomaji na ampime kijana wa dagaa kwa vipimo hivyo. Neno "tunagawana" halitoshi kumtoa katika ulinzi wa sheria.

Tutoke ziwani, tuingie nyumbani, maana huko ndiko aibu yetu ilikojificha. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 ilimwekea mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake shilingi 40,000 kwa mwezi. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 60,000. Na kwa kazi za kilimo iliweka 140,000, ambazo ukizigawa kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,385 hivi kwa siku. Viwango hivyo navyo vimekwisha kupitwa, kwa kuwa amri nyingine ilitangazwa Oktoba 2025 na kuanza Januari 2026. Ni akina mama na akina baba wangapi wa jumuiya zetu waliokuwa wamefikia hata kile cha mwaka 2013? Tumeketi katika nyumba ambamo binti amekaa miaka mitatu pasipo mshahara kwa sababu "ni mtoto wa nyumbani," ilhali yeye ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Tumesikia pia habari za sahani iliyovunjika kukatwa mshahara mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata fidia ya kitu kilichoharibika bila makubaliano ya maandishi na bila kumpa mfanyakazi nafasi ya kujieleza. Tena makato hayo yasizidi robo ya ujira. Undugu hauifuti sheria hiyo. Kwa kweli undugu ungepaswa kuizidi.

Sasa tuseme juu ya vyama vya wafanyakazi, ambavyo wengi wetu huviogopa kama siasa. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, liliundwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma Dar es Salaam mwaka 1958, TANU chini ya mwana wa Butiama iliwaomba wananchi wasiinywe bia hiyo. Watu ambao hawakuwa na kazi kiwandani waliibeba shida ya waliokuwa nayo. Twaseme na la pili, kwa heshima yote kwa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa na Jimbo letu la Musoma mwaka 2005: baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, serikali yake iliivunja TFL na kuweka mahali pake chama kimoja, NUTA, ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Mwaka huo huo zilikuja faida, kama vile mfuko wa akiba wa wafanyakazi na sheria ya kuzuia watu kufukuzwa ovyo, hatuzikani. Lakini kizazi kizima kilijifunza kwamba chama ni kitu kinachoshushwa kutoka juu. Funzo hilo bado limo vichwani, ingawa sheria ya leo inaruhusu wafanyakazi 20 tu kukutana na kuanzisha chama chao.

Katika nchi ya wamisionari wa Maryknoll, waliofika Musoma mwaka 1946, sheria ya vyama ya mwaka 1935 iliwaacha nje kabisa vibarua wa mashambani. Mwaka 1965 wachuma zabibu wa Delano, California, waligoma: kwanza wenye asili ya Ufilipino, siku chache baadaye wenye asili ya Mexico. Mwaka 1966 walitembea kwa miguu hadi Sacramento wakitanguliwa na bendera ya Bikira Maria wa Guadalupe. Familia nyingi katika miji ya mbali ziliacha kununua zabibu, maaskofu wakaunda kamati ya kuzikalisha pande mbili mezani, na mwaka 1970 mikataba ikatiwa saini. Vibarua wale hawakuwa na sheria nyuma yao, bali walikuwa na majirani. Vijana wetu wanayo sheria. Je, wanao majirani?

Atakayesema haya ni mageni kwa imani na aisome Rerum Novarum ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891, inayotetea haki ya wafanyakazi kuungana. Papa Leo XIV alipochaguliwa mwaka 2025 alieleza kwamba ndiyo iliyomfanya alichague jina hilo. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 nayo ilifundisha kwamba anayethubutu kuhubiri haki hana budi yeye kwanza kuonekana mwenye haki. Hapo sisi Tume tunainamisha kichwa. Mlinzi wa parokia analipwa kiasi gani? Mpishi wa mapadre ana mkataba? Katekista hupewa "asante" kila baada ya miezi mingapi?

Kwa hiyo tunaomba mambo machache kwa viongozi wa walei. Katika kikao kijacho cha Halmashauri, orodha ya wafanyakazi wa parokia na mishahara yao isomwe kwa sauti, ikilinganishwa na amri ya sasa ya kima cha chini. WAWATA wawaalike wasichana wa kazi, si kuwahubiria, bali kuwasikiliza pasipo waajiri wao kuwapo. Jumuiya za mialoni zimtafute kijana anayejua kuandika vizuri, ashike daftari la pili la hesabu, mbele ya tajiri na mbele ya wavuvi. Na kila jumuiya ijue kwamba aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye madai mengine siku 60. Tunazitaja siku hizo kwa sababu mara nyingi watu hutujia zikiwa zimekwisha kupita, nasi hubaki hatuna la kuwapa ila nauli ya kurudi kwao.