Printa ya Ofisi Isitegemee Kompyuta ya Mtu

Ukishasomea kompyuta chuo kikuu, watu hawakuulizi unaandika programu gani. Wanakuuliza utakuja lini kuangalia printa. Zamani nilikuwa naudhika. Siku hizi naenda, maana nimeona mara nyingi shida ya printa ikizaa shida kubwa kuliko printa yenyewe.

Mwezi wa Septemba 2021 niliitwa kwenye ofisi moja ndogo hapa Nairobi. Kompyuta sita, printa moja. Printa imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya katibu, na wenzake watano wanachapisha kupitia kwake. Bila shaka umeona ofisi kama hiyo. Asubuhi hiyo kila aliyejaribu kuchapisha aliletewa kosa 0x0000011b, na kulikuwa na hati za zabuni za kupelekwa kabla ya saa tano. Bosi alikuwa ameshapata mkosaji: "Huyu mama amegusa nini tena kwenye mashine yake?"

Nilianza karibu na printa. Je, kompyuta ya mama inachapisha? Ndiyo. Basi printa ni nzima na waya ni mzima. Je, kompyuta nyingine zinaifikia ya mama kwenye mtandao? Nikapiga ping, ikajibu. Basi mtandao ni mzima. Kilichobaki ni ruhusa. Nikafungua orodha ya masasisho ya Windows, na hapo nikakuta jipya la wiki hiyo. Zile hati tukazibeba kwa flashi na kuzichapisha pale pale kwa mama, zikafika kwa wakati.

Mama hakuwa amegusa kitu. Julai 2021 kulifichuka tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare, ndani ya Print Spooler, ile sehemu ya Windows inayopanga foleni ya kuchapisha. Mtu mwenye akaunti ya kawaida tu kwenye mtandao angeweza kuitumia kuteka mashine nzima. Microsoft wakaanza kuziba, tundu baada ya tundu. Sasisho la tarehe 14 Septemba lililazimisha ulinzi mkali zaidi kati ya kompyuta yenye printa na zile zinazoiomba kazi, na ofisi nyingi zenye mpango kama huu zikajikuta zimefungiwa nje.

Niliporudi wiki mbili baadaye, wote walikuwa wanachapisha raha mustarehe. Fundi mwingine alikuwa ameliondoa lile sasisho na kuzima masasisho yote kwenye kompyuta zote sita. Nilipolalamika, bosi akanijibu, "Lakini si inaprinti?"

Hapo ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Kompyuta hizo zina mishahara, nakala za vitambulisho vya wateja na nywila za benki. Kufungua milango yote ili karatasi itoke si ufundi. Na Print Spooler si mgeni katika mambo haya: mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet, kilichovuruga mitambo ya nyuklia ya Iran, kilitumia tundu la programu hiyo hiyo kusambaa.

Dawa ilikuwa nyuma ya printa yenyewe. Kulikuwa na tundu la waya wa mtandao, bado limezibwa kwa kiplastiki cha kiwandani! Tukachomeka waya hadi kwenye swichi, tukaipa printa anwani yake ya IP isiyobadilika, kisha kila kompyuta ikaongezewa printa kwa anwani hiyo, kupitia poti namba 9100. Haikumaliza hata saa moja. Masasisho tukayarudisha yote.

Ukijaribu hivyo, hakikisha anwani uliyoipa printa haimo katika zile ambazo ruta inagawa, la sivyo siku moja simu ya mgeni itaichukua. Ukiona printa ina anwani inayoanza na 169.254, ujue haijapata anwani kutoka kwa ruta. Angalia waya kwanza. Na printa nayo ina nywila yake ya msimamizi. Ibadilishe, wala usiifungulie njia ya kufikiwa kutoka intaneti.

Utaniambia printa yenu ni ya USB tu. Sawa. Chukua kompyuta kuukuu isiyo na mtu, weka Linux na CUPS, iwe na kazi hiyo moja. Utaniambia pia kwamba kupitia kompyuta moja kunasaidia kujua nani anachapisha nini. Kweli, lakini hiyo ni kazi ya seva, na katibu si seva. Mama alikuwa haruhusiwi kuzima mashine hata akienda likizo, na kila karatasi ilipokwama lawama zilikuwa zake.

Kwa hiyo fundi akikuambia amezima masasisho ili printa ifanye kazi, mwambie ayarudishe kabla hujamlipa. Kisha geuza printa uangalie nyuma.

Nilipopita pale mara ya mwisho, mama alinisimamisha mlangoni. Sikutarajia shukrani. Akaniambia tu, "Kijana wangu, siku hizi nazima mashine yangu saa kumi na moja, naenda zangu."