MOTOKAA YA UMEME HAISHINDWI NA MLIMA

Kila panapozungumzwa habari za motokaa ya umeme siku hizi, husikika maneno ya namna mbili. Watu wa mijini husema kwamba hiyo ndiyo motokaa ya kesho, na kwamba asiyeipokea leo atakuja kuipokea kwa aibu. Madereva wa njia ndefu nao hucheka, wakasema kuwa hicho ni chombo cha watu wa tambarare. Ipeleke Masasi, uipandishe mlima wa Makonde kwenda Newala, uone kama haitakufia kwenye kona ya kwanza. Maneno hayo yote tumeyasikia, na yote yana upungufu. Sisi twasema kuwa mlima hauna kosa lolote katika shauri hili, na kwamba anayeusingizia mlima anawapa nafasi ya kupumzika wale waliopaswa kuwa kazini.

Kwa sisi wa visiwani jambo hili ni rahisi mno, na pengine urahisi wake ndio unaotudanganya. Unguja haifiki kilomita 90 kwa urefu, wala hakuna kilima chake kinachofika mita 150. Mtu akitoka Mjini asubuhi akaenda Nungwi, akarudi nyumbani kulala, motokaa ya umeme yenye betri nzima itamfikisha, naye akaichaji usiku barazani kwake. Hapo atasema kuwa kazi imekwisha. Lakini kutoka Unguja mtu hawezi kujifunza habari za barabara ya Chiwata, kama vile aliyeogelea Forodhani tu hawezi kusimulia mkondo wa Pemba.

Chiwata imo katika wilaya ya Masasi, kwenye ubavu wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde. Masasi penyewe, pamoja na majabali yake makubwa, ni kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa uwanda ule hupanda hadi karibu mita 900. Ndio kusema kuwa anayetoka Masasi kwenda juu hupandisha motokaa yake kiasi cha mita 450. Je, ni umeme kiasi gani unaotakiwa kwa kazi hiyo? Twaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, maana bila hesabu mazungumzo haya ni kelele tu. Motokaa pamoja na abiria na mizigo yao tuifanye tani 2. Kuinyanyua tani 2 mita 450 kwahitaji karibu uniti 2 na nusu za umeme, zilezile uniti tunazonunua kwa ajili ya taa na friji. Tukiongeza zile zinazopotea katika mitambo, tuseme uniti 3. Motokaa ya kadiri ina betri ya uniti 40, na kwenye lami iliyo sawa hula uniti 16 hivi kwa kila kilomita 100. Basi mlima wote ule, ambao madereva wanautishia watu, ni sawa na mwendo wa kilomita 19 za tambarare, kama kutoka Mjini hadi Fumba hivi. Si kitu cha kuogopesha.

Tena mlima huu hulipa deni lake. Motokaa ya petroli ikishuka mlima haipati kitu. Inaunguza breki zake tu. Ya umeme ikishuka, mota iliyokuwa ikiisukuma hugeuka ikawa ya kuzalisha, na sehemu kubwa ya umeme uliotumika kupandia hurudi katika betri. Kina mama wa uwanda wa Makonde wataistaajabia hali hiyo, kwa sababu wao mlima uliwatendea kinyume kabisa. Juu hakuna maji ya kutosha, na kwa vizazi vingi wameteremka mabondeni na vyombo vitupu na kupanda na vyombo vilivyojaa. Motokaa hii hupanda ikipungukiwa, ikashuka ikijazwa.

Hapo pana onyo moja ambalo wauzaji hawalisemi sana. Dereva atakayelala Newala na kuijaza betri yake mpaka juu kabisa, kisha asubuhi akateremka Masasi, atakuta kuwa betri haina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko. Kazi yote itaangukia breki za kawaida, nazo zitapata moto kama za lori la korosho. Afadhali aiache sehemu moja ya kumi bila kujazwa, aijaze njiani kwa uzito wake mwenyewe. Na yeyote anayenunua motokaa kuukuu kutoka nje, ambayo betri yake imekwisha choka, asihesabu uniti 40 zilizoandikwa kwenye karatasi; ahesabu 30, au chini ya hapo.

Basi kama kosa si la mlima, liko wapi? Liko katika urefu wa njia na uchache wa mahali pa kuchajia. Kutoka Mtwara hadi Masasi kwa njia ya juu, kupitia Mnivata, Tandahimba na Newala, ni kilomita 210. Hamsini za mwanzo, hadi Mnivata, zimekwisha tiwa lami, na kilomita 160 zilizobaki zimekuwa zikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tuichukulie njia yote kuwa lami safi. Mwendo pekee ni uniti 34. Kuupanda uwanda kutoka pwani na kuteremka tena Masasi, tukitoa zile zinazorudi, ni kama uniti 4. Motokaa yetu ya uniti 40 inafika Masasi ikiwa na uniti 2, yaani kwa mtu mwenye busara haifiki. Ikikutana na kipande cha mchanga au tope, ikilazimika kuzunguka daraja lililozibwa, ama dereva akifungulia kipoza hewa kwa sababu ya jua la Novemba, italala barabarani. Na anayetoka Dar es Salaam ana safari ya kilomita zipatazo 450 kabla hajaiona Lindi. Tunakumbuka jinsi barabara hiyo ilivyokatika upande wa Somanga mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, watu wakakwama siku kadhaa. Mwenye petroli aliweza kuletewa dumu. Umeme hauchukuliwi kwenye dumu.

Iko hadithi ya kweli inayolihusu eneo hilihili. Mwezi Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalikuwa yamesukumwa na Waingereza hadi pembe hii ya kusini, nayo Chiwata ilikuwa miongoni mwa ngome zao za mwisho. Huko Ulaya wakubwa wao waliamua kuwapelekea msaada kwa chombo kipya ambacho dunia nzima ilikistaajabia: meli ya angani iliyojazwa gesi, iliyoitwa L 59. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, ikiwa imebeba risasi, dawa na vifaa vipatavyo tani 15, na ilikusudiwa kutua kwenye uwanda wa Makonde. Iliposhapita Khartoum, tarehe 23, iliitwa irudi, kwa kuwa nchi ilikotakiwa kutua ilikuwa ikitoka mikononi mwa Wajerumani. Ilirejea Bulgaria baada ya saa 95 angani na mwendo wa karibu kilomita 6,800, na chombo chenyewe hakikuharibika.

Lakini kilichotushughulisha ni mpango wenyewe. Kwa kuwa Afrika hapakuwa na gesi ya kuijazia tena, meli ile haikukusudiwa kurudi kamwe. Ingefika, ingevunjwavunjwa, na kitambaa chake kingefanywa mahema. Wataalamu waliohesabu upepo na uzito kwa makini namna ile hawakuwa na jibu la swali la mtoto mdogo: ikifika, itajazwa wapi? Nasi leo, zaidi ya miaka mia baadaye, tukinunua motokaa za umeme na kuzipeleka Masasi na Newala pasipo kuweka mahali pa kuzijaza, tutakuwa tumetuma L 59 ya pili. Zitafika mara moja, zitapigwa picha, kisha zitageuzwa mabanda ya kuku nyuma ya ofisi.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza Chiwata yamhusu nini. Yamhusu sana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kutoka Unguja msafara wa watu waliokombolewa katika utumwa, wakashukia Lindi na kutembea kwa miguu mpaka Masasi, wakaanzisha makazi huko. Na Wamakonde wangapi wamekuja visiwani kufanya kazi katika mashamba ya karafuu, wakabaki, wakawa jirani na wakwe zetu? Lakini hata tukiuacha udugu kando, upo umeme. Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 ukaongezwa mwaka 2013, na Pemba ikaunganishwa na Tanga mwaka 2010. Sehemu kubwa ya umeme wa Bara, kwa miaka mingi, imezalishwa kwa gesi ya Songo Songo, kisiwa kama vyetu, na tangu mwaka 2015 kwa gesi ya Mtwara inayopita katika bomba la kilomita 542 kwenda Dar es Salaam. Taa iliyowaka Mkunazini imetokana na ardhi ya ndugu zetu wa kusini.

Nasi twajua uchungu wa kutegemea uzi mmoja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa karibu miezi mitatu. Hatuhitaji kuelezwa na mtu maana ya kufika nyumbani ukakuta soketi imekufa. Umeme wa Masasi na Newala nao, kwa miaka mingi, umesafiri kutoka Mtwara kwa njia ndefu za kilovolti 33, na mwisho wa njia ndefu ndiko nguvu inakopungua.

Jambo ambalo laonekana kuwapita maofisa wengi ni la bei. Petroli hupangiwa bei ya kikomo kwa kila wilaya, na kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari ndivyo lita inavyopanda. Uniti ya umeme wa gridi, kinyume chake, kwa mteja wa daraja moja ina bei moja Bara nzima, Newala sawasawa na Kinondoni. Maana yake ni kwamba aliye mbali zaidi ndiye atakayefaidi zaidi kwa kuacha petroli. Mganga wa zahanati, mwalimu, bwana shamba anayezunguka vijiji vya korosho, hao ndio wanaoitaka motokaa au pikipiki ya umeme kabla ya mkubwa wa mjini, ambaye kituo cha mafuta kipo dirishani pake. Tunavyoona sisi, mambo yanapangwa kwa mpango wa kinyume.

Wala hatuombi makubwa. Hatuombi vituo vya fahari vyenye vioo na mataa, vinavyojaza betri kwa nusu saa. Soketi ya kawaida ya ukutani huichukua betri ya uniti 40 muda wa saa 14 hadi 17, na huo ni muda mrefu mno kwa msafiri. Kifaa cha kilowati 7 huijaza kwa saa 6 hivi, na ofisa aliyefika Masasi jioni atalala Masasi kwa vyovyote vile. Kilowati 7 aghalabu ni chini ya nguvu ya mota ya mashine moja ya kusaga nafaka. Kikifungwa kimoja Nangurukuru, viwili Lindi, viwili Masasi, viwili Newala, katika viwanja vya halmashauri au vya ofisi za umeme, njia itakuwa imeanza kufunguka. Vifungiwe saa, vifanye kazi kuanzia saa 4 usiku, mashine za kusaga zikiwa zimefungwa na watu wamekwisha pika, ili pasiwe na mtu wa Chiwata atakayeambiwa kuwa taa yake imefifia kwa sababu ya motokaa ya mgeni. Pampu zinazosukuma maji kutoka mabondeni kwenda juu ya uwanda zisiguswe hata kidogo. Ikitokea siku ya kuchagua baina ya motokaa na pampu, motokaa isubiri.

Yupo atakayesema kwamba watu wa huko wana shida kubwa kuliko hizi, za maji, madarasa na dawa, na kwamba kuzungumzia motokaa ya umeme ni anasa. Tunamheshimu anayesema hivyo. Lakini dawa za Chiwata hufika kwa gari, na gari hilo hunywa petroli ya bei ya Masasi kila wiki. Na tangu bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, uhaba wa umeme wenyewe si kisingizio kama ulivyokuwa. Kinachopungua ni nyaya, vifaa, na mafundi waliofundishwa kuishika betri ya volti mia nne bila kuuawa nayo. Na hao hawapatikani kwa kumwita mtu kutoka Dar es Salaam kila inapowaka taa nyekundu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na halmashauri huandaa makisio yao miezi kadhaa kabla ya hapo. Tunawaomba wakurugenzi wa Lindi, Masasi na Newala wavitie vifaa hivyo katika makisio yajayo. Na tunaiomba Wizara yoyote itakayotaka kununua motokaa za umeme kwa ajili ya mikoa ya kusini isitie sahihi hati ya ununuzi kabla haijaletewa karatasi inayoonyesha zitachajiwa wapi, kituo kwa kituo, kuanzia Dar es Salaam mpaka Chiwata.