Kiti cha bunduki cha Msumbiji, na swali letu juu ya silaha

Huko London, katika jumba la makumbusho la British Museum, kuna kiti kimoja. Ni bunduki tupu, zimekatwa na kuchomelewa pamoja. Alikitengeneza Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, mjini Maputo mwaka 2001. Kinaitwa Kiti cha Enzi cha Silaha.

Kwa umbo ni kiti cha kawaida chenye mikono, kama kile baba anachokalia mezani. Mzaha unaanzia hapo. Mikono ni AK-47 za Umoja wa Kisovyeti. Pa kukalia ni mitutu iliyotoka Poland na Chekoslovakia. Mguu mmoja wa mbele umetoka Korea Kaskazini. Hakuna bunduki hata moja iliyotengenezwa Afrika. Mgongo ni G3 mbili za Wareno, vitako vikiwa juu, na matundu ya skrubu yanafanana na macho juu ya mdomo unaocheka. Kester alieleza kwamba kicheko hicho hakukichonga, alikikuta. Kuna watakaosema vita si jambo la kuchezea. Lakini jamaa zake wawili walipoteza miguu, basi tumwachie acheke. Tena anamcheka mkubwa: anamuonyesha kitu anachokikalia.

Kwangu mimi, jambo zito zaidi ni njia ambayo vyuma hivyo vilimfikia. Vita vya Msumbiji viliisha mwaka 1992, bunduki zikabaki vijijini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana akiwa mbele, likaanza kuwaambia watu: leta bunduki, chukua jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Kijiji kimoja kizima kilipewa trakta.

Sisi tumeona CONADER, tukaona PNDDR, leo tuna P-DDRCS. Kila mara mazungumzo ni juu ya yule aliyebeba silaha: atapewa nini, atawekwa wapi. Mama aliye chini ya turubai, ambaye shamba lake limekuwa pori, anasikiliza hayo yote kwenye redio, na ana haki ya kuuliza kama ilimpasa naye awe na bunduki ya kurudisha.

Ndiyo maana trakta ile inanivutia kuliko jembe. Jembe ni la aliyeleta bunduki. Trakta inamlimia hata yule aliyekimbizwa kwa bunduki hiyo. Najua, kitu cha wote huharibika haraka. Tumeona pampu ngapi za maji zikifa kwa kukosa boliti moja? Basi iwe mashine ya kusaga au mabati ya shule, mradi kikabidhiwe kijiji mbele ya watu, na waliohama waandikwe kwenye orodha kabla hawajarudi.

Msumbiji nako hakujapona kabisa. Bendera yao bado ina AK-47 iliyopishana na jembe, na tangu mwaka 2017 watu wa Cabo Delgado wanakimbia tena.

Wenye kusimamia P-DDRCS waje kwenye redio, waseme kwa Kiswahili, kijiji kwa kijiji: siku vijana wakitoa silaha, kijiji kitapokea nini, na nani atashika ufunguo wa stoo?