Asali haioshi bangi, jamani!

Najua mko bize na madesa na testi, ila leo naomba dakika tano maana hili limenikaa kooni.

Likizo nilikuwa nyumbani Bariadi. Kijiweni vijana wanafundishana: ukivuta bangi, kunywa asali na maji ya moto, damu inasafika, hata ukipimwa huonekani. Nimerudi chuo, nasikia hadithi ileile, tena kwa watu wanaosoma kemia! Hao hao kesho kutwa wanapelekwa Maswa na Meatu kwenye mazoezi ya kufundisha. Sasa watoto wa watu watafundishwa nini?

Hebu turudi sekondari kidogo. Vitu vinavyofanana ndivyo vinavyoyeyushana. Fundi baiskeli analijua hili bila cheti: mikono ikijaa grisi hahangaiki na maji matupu, ananawa kwa mafuta ya taa.

Asali karibu asilimia 80 ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Glukosi ni C6H12O6, yaani oksijeni 6 kwa kaboni 6. Oksijeni hizo ndizo zinazoshikana na maji, ndiyo maana asali inapotelea kwenye chai.

Sasa njoo kwenye THC, ile inayolevya kwenye bangi. Mechoulam na Gaoni waliitenga kule Israel mwaka 1964. Yenyewe ni C21H30O2. Kaboni 21, oksijeni 2 tu! Kitu cha namna hiyo maji hakiyataki, kinataka mafuta. Ndiyo maana ikiingia mwilini inajibanza kwenye mafuta ya mwili, inatoka kidogo kidogo, na ini linaibadilisha taratibu ndipo itolewe. Anayevuta kila siku anaweza kuonekana kwenye mkojo hata wiki kadhaa baada ya kuacha.

Haya, asali inafika huko saa ngapi? Ukiinywa, sukari yake inaingia kwenye damu kama sukari nyingine yoyote, mwili unaitumia kupata nguvu, basi. Haiendi kusugua mafuta ya mwili.

Najua mtaniambia, "mbona fulani alikunywa akapimwa hakuonekana?" Pengine alivuta mara moja tu, zikapita siku. Kazi wamefanya siku na ini, sifa mnampa nyuki. Na msiniambie asali ni dawa. Inatuliza kikohozi, hilo sibishi. Lakini dawa ya kikohozi haifui nguo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kanuni hii wote tuliijibu kwenye mtihani tukapata vema. Tuliikariri, tukaiacha kwenye karatasi. Halafu kuna kijana atakayeiamini chupa ya asali, aende kupimwa kwa ajili ya kazi ya udereva, aikose. Au aone kuvuta si tatizo kwa kuwa "dawa ipo". Huyo nani atamjibu? Na bangi nchini kwetu ni kosa kisheria. Asiyetaka ionekane, asivute.

Asali tuile na viazi. Mwenye kubisha aje na mafuta ya alizeti kwenye glasi na kijiko kimoja cha asali. Tukoroge, tuiache itulie, halafu aniambie nani kaenda chini.